Pete ya Tatu ya Koo la Mpelembe

"Jua litazeeka, waheshimiwa, lakini pete yangu itabaki kigori," alisema Yaredi, akashika kiuno kama bwana harusi anayepigwa picha.

Wajumbe wa mitaa kumi na mmoja wakacheka. Ilikuwa Siku ya Kufunua, na katika mji wa Mpelembe hiyo ndiyo siku pekee ambayo mtu hujisifu hadharani bila kuulizwa amekunywa nini. Mbele ya maabara ya rangi palikuwa na ubao mrefu, umeinamishwa ukitazama kaskazini, na juu yake vipande vya plastiki vimepangwa mstari, kila kimoja urefu wa rula ya mwanafunzi, kila kimoja rangi ya pete moja ya Koo, bomba refu la mji. Nusu ya kila kipande ilikuwa imefunikwa bati. Nusu ya pili iliachiwa jua, lifanye litakalo.

Mara moja kwa mwaka bati huondolewa na mji mzima huja kutazama. Nusu mbili zikilingana, mtaa wenye pete hiyo hupiga vigelegele hadi koo zikauke. Nusu iliyopigwa jua ikipauka, mtaa huo huzomewa mpaka mwaka unaofuata, na watu wake wakienda kuoa mitaa mingine huulizwa kama na mahari yao itapauka.

Sharti lilikuwa moja: macho tu, mikono nyuma. Mafuta ya vidole huharibu rangi, na hakuna mtaa uliotaka kusingiziwa kwamba umemchafulia jirani kipande. Kwa miaka kumi na mmoja vipande vile vilitazamwa kama mke wa mtu.

Mhandisi Ndahani, msimamizi wa Koo, mwanamume mwembamba anayetoa maneno kana kwamba yana mgawo, aliinama na lenzi yake juu ya kipande cha rangi ya chungwa, cha pete ya tatu. Akatazama upande wa bati. Akatazama upande wa jua. Akarudi upande wa bati.

"Sioni mpaka," akasema. "Miaka mitatu ya jua la hapa, na sioni mpaka."

Vigelegele vikalipuka kutoka mtaa wa Ng'ambo, wenye pete hiyo. Yaredi, aliyeitengeneza rangi ile kwa mikono yake akiwa na miaka ishirini na mmoja na cheti cha kidato cha nne, akainama mara tatu, mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

"Kamati imekubali," Ndahani aliendelea. "Pete ya sita na ya tisa zinabadilishwa mwaka huu. Zote zitakandwa kwa rangi yako, na mitaa yake imeridhia. Sechelela anapanda kesho asubuhi kupima kamba."

"Mhandisi, sifa mpe kidogo kidogo," ikasema sauti kutoka nyuma. "Kichwa kikivimba hatuna kofia ya kumtosha mjini hapa."

Alikuwa Sechelela mwenyewe, mke wa kaka yake Yaredi, mpanda Koo kwa miaka tisa. Kulabu zake mbili zilining'inia kiunoni, darubini ndogo shingoni.

"Shemeji, huo ni wivu," Yaredi akamjibu.

"Wivu wa nini, na wewe ni mume wangu wa akiba? Mali yangu hiyo. Naitunza tu isioze."

Watu wakacheka tena, na nyuma yao wote Koo likanguruma, kama linavyonguruma kila siku jua linapopanda.

Wageni wanaofika Mpelembe huwa wanasimama barabarani midomo wazi, na wenyeji huwaacha kwanza washibe. Nchi ile ni tambarare kavu, nyeupe, mvua huipitia kama mtu aliyepotea njia. Juu ya tambarare wenyeji wametandaza Sketi, plastiki angavu yenye upana wa kilomita mbili, imeinuliwa kwa nguzo kimo cha mtu na nusu. Chini yake hewa hupikwa na jua, na ikishapikwa hukimbilia katikati, maana ndipo penye njia pekee ya kutokea: Koo. Bomba la pete kumi na moja, kila pete mita mia moja kwenda juu, kila pete na rangi ya mtaa wake. Halina chuma, halina zege. Ni plastiki iliyojazwa upepo kama boya, nayo husimama kwa sababu hewa moto inayopita ndani yake haitaki lilale. Chini, penye mdomo, feni kumi huzungushwa na ule upepo, na feni huvuta maji kutoka ardhini, mbali sana, mahali ambapo kisima cha mkono kisingefika. Koo likilala, Mpelembe hainywi.

Jambo hilo Yaredi alilijua tangu utotoni. Ila alilijua kama mtu anavyojua kwamba ana ini.

*

Saa tisa alasiri, ubao ukiwa umeachwa peke yake na watu wamekwenda kula, Yaredi alikuwa akirudisha mabati. Alifika kwenye kipande chake, akakiinua kidogo kwa koleo ili akisogeze, kikateleza. Mkono wake ukakidaka kabla akili haijaukumbusha sharti.

Kikatoa mlio. Kach. Mlio wa kaukau za viazi mdomoni.

Kilikuwa vipande viwili kiganjani mwake, kimekatikia pale bati lilipoishia.

Yaredi alicheka kwanza, maana kucheka ndiyo kazi aliyoizoea. Kisha akaishika ile nusu iliyoachiwa jua, nzuri, nyekundu ya machweo ndani ya njano ya embe, akaikunja taratibu kwa vidole viwili. Kach. Akaichukua nusu iliyokuwa chini ya bati. Hiyo ikakunjika hadi ncha mbili zikagusana, akaiachia ikarudi kama mkanda wa ndala.

Akasimama kidogo. Halafu akafanya kile ambacho mji mzima haukuwahi kukifanya: akavigusa vingine vyote, kimoja baada ya kingine. Kipande cheusi cha pete ya kwanza kikakunjika. Cheupe cha pete ya pili kikakunjika. Buluu, kijani, kahawia, zambarau, vyote vikakunjika. Buluu ilikuwa imepauka hadi aibu, mtaa wake ulizomewa asubuhi ile ile, lakini ilikunjika kama ngozi ya mnyama hai.

Miaka kumi na mmoja walikuwa wakiuliza plastiki swali moja tu: umependezaje?

Akaingia maabara, akaweka kipande chini ya hadubini.

Huko akaiona Mpelembe. Ndivyo alivyodhani kwa sekunde nzima, kwamba kuna mtu ameweka picha ya tambarare yao kwenye lenzi, ile ya mwezi wa kumi ardhi ikiwa imepasuka vigae vigae hadi kwenye upeo. Nyufa zilikwenda kila upande, nyingine nyembamba kiasi kwamba ziliishia mahali ambapo jicho nalo liliishia. Na ndani ya kila kigae rangi iling'aa. Haikuwa imepungua hata chembe. Yaredi alisahau kupumua. Alikuwa hajawahi kutengeneza kitu kizuri namna ile, na hakukuwa na shaka kwamba kilikuwa maiti.

Alijua plastiki ni nyuzi ndefu, ndefu kuliko akili inavyokubali, zimesokotana. Alijua katika jua kuna miale isiyoonekana, ile ya urujuanimno, na kazi yake ni mkasi. Masizi ya pete nyeusi huumeza mkasi na kuutema ukiwa joto tu, ndiyo maana nyeusi haijali. Unga mweupe una tabia mbaya, chembe zake zikiwa tupu hushirikiana na jua kuitafuna plastiki hadi iwe chaki, kwa hiyo huvikwa koti jembamba la kioo kabla ya kuchanganywa. Kwa rangi nyingine huongezwa dawa ya kinga, ambayo kazi yake ni kutembea ndani ya plastiki ikiunga nyuzi zilizokatwa.

Alifungua daftari lake la miaka mitatu. Dawa ilikuwemo, kipimo kamili, hakuwa mwizi. Lakini alipotazama tena chembe za rangi ya chungwa aliona zimevimba na kunyonya kitu pembeni, kama sponji. Dawa haikutembea popote. Ilikuwa imekumbatiwa na rangi, ikalala humo humo. Rangi ilikunywa dawa ya plastiki. Ndiyo maana ilipendeza hivyo.

Kuta za pete ya tatu zilikuwa nene kama godoro. Nyufa hizi za juu juu hazingeziangusha mwaka huu, labda hata mwaka ujao. Hilo lilimpa pumzi. Kisha akakumbuka masikio.

Masikio ni vile vishikio ambavyo wapanda Koo hutundika kulabu zao, upande wa nje, safu moja kutoka chini hadi juu. Yanafinyangwa kwa plastiki ya pete yenyewe, rangi ile ile, unene wa kidole gumba, na jua huyapiga pande tatu. Sikio halina undani wa kujifichia. Na kesho asubuhi mke wa kaka yake angetundika kulabu mbili kwenye masikio ya chungwa, mita mia mbili na kitu kutoka chini, aning'inie.

Dawa yake ilikuwa rahisi: kusema. Ukisema, Koo linalazwa. Pete inabadilishwa, siku arobaini bila feni, na watu elfu tisa wanakunywa maji ya kugawiwa kwa ndoo huku wakitaja jina lako kila wanapomeza.

Akafungua droo, akatoa kipande kipya cha chungwa, cha mkando ule ule, kilichokaa gizani miaka mitatu. Akatoka, akakiweka palipokuwa cha zamani, akafunika bati. Vilivyovunjika akavitia mfukoni.

"Nifikirie kwanza," akajiambia. Lilisikika kama jambo la mtu mwenye busara.

*

Kabla jua halijazama alikuwa uani kwa kaka yake. Sechelela alikaa kwenye kigoda akipaka kulabu mafuta. Alimmiminia chai bila kuuliza.

"Shemeji," Yaredi akaanza, "kesho usipande."

"Kwa nini? Utanililia?"

"Pete yangu imeoza."

Sechelela akaweka kulabu chini ili acheke kwa nafasi. "Asubuhi kigori, jioni imeoza. Kigori gani huyo anazeeka kabla ya chakula cha mchana?"

"Nasema kweli."

"Na mwezi wa tano ulisema kweli kwamba kamba yangu imeliwa na panya. Nikahesabu nyuzi mpaka macho yakatoka machozi. Panya mwenyewe ulikuwa wewe, umekaa nyuma ya tangi unacheka."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Kati ya mtu na shemeji yake huko Mpelembe hakuna neno lisiloruhusiwa, na kwa hiyo hakuna neno lenye uzito. Miaka yote Yaredi alikuwa ameutumia utani huo kama gari asilolijaza mafuta, na sasa alipolitaka limfikishe mahali, halikusogea.

Akamiminiwa kikombe cha pili. Halafu cha tatu. Sechelela alikuwa akimtazama, muda mrefu kuliko kawaida ya mtu anayetaniwa.

"Una jambo lingine, Yaredi?"

Hakumwita shemeji. Vipande vilimchoma pajani kupitia kitambaa. Kuvitoa tu na kuviweka juu ya mkeka kungetosha, hata bila neno. Mkono wake ukaingia mfukoni. Ukatoka na leso, ukampangusa mdomo.

"Chai yako ina sukari nyingi," akasema.

"Haina sukari hata punje," akajibu Sechelela, na akarudi kwenye kulabu zake.

*

Asubuhi alikimbia kilomita nzima chini ya Sketi, upepo moto ukimsukuma mgongoni kana kwamba nao umechelewa. Alipanda ngazi hadi kwenye jukwaa la juu, mguuni pa Koo, akatokeza kwenye mwanga, na miguu ikasimama yenyewe.

Hakuwahi kufika pale tangu pete ya tatu iinuliwe. Siku zote aliitazama kutoka maabara, mbali, kama mtu anavyotazama picha yake mwenyewe. Sasa jua lilikuwa nyuma ya Koo na kila pete ilikuwa imewaka. Kilomita moja na zaidi ya rangi ilikwenda juu hadi shingo ikakataa kuifuata, ikipumua, ikivimba na kunywea polepole, na ndani yake mto wa hewa ukapanda kwa sauti ambayo haikusikika masikioni, ilisikika kwenye meno. Na nuru ya chungwa ilikuwa imemwagika juu ya kila kitu. Sketi ilikuwa ya chungwa hadi mbali. Mafundi wa feni waliokuwa wakinywa uji walikuwa wa chungwa. Mikono ya Mhandisi Ndahani, iliyoshika redio, ilikuwa ya chungwa hadi kwenye kucha. Yaredi alitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Alitaka kupiga magoti. Alitaka pia kuificha ile mikono.

Juu, kwenye weupe wa pete ya pili, nukta nyeusi ilikuwa inapanda.

"Mteremshe," akasema.

Ndahani akageuka. "Sababu?"

Sababu ilikuwa kwenye ulimi, kamili, yenye jina lake. Ikatoka nyingine. "Buluu. Pete ya tano. Nimepima alfajiri, masikio yake yana nyufa." Aliyetengeneza buluu alikuwa amefariki miaka minne nyuma, na marehemu hawana kawaida ya kubisha.

Ndahani akafikiri. Akabonyeza kitufe. "Sechelela. Pete ya tano ina shaka. Usiifikie."

"Nimesikia," redio ikajibu.

"Malizia ya pili. Panda ya tatu yote, ujifunge kwenye ukingo wake wa juu, ungoje hapo. Ya tatu ni nzima kuliko zote, jana tumeiona."

 Uongo wa Yaredi ulikuwa umemchukua mwanamke yule na kumwelekeza, kwa upole na kwa heshima, juu ya sikio la kwanza, na la pili, na yote ya chungwa mpaka mwisho.

"Asipande ya tatu," akasema.

"Kwa nini?"

"Mhandisi, asipande."

"Nimeuliza kwa nini."

"Si buluu." Sauti yake ilikuwa ndogo, akalazimika kuirudia ili ishinde mngurumo. "Si buluu. Ni yangu. Rangi imekunywa dawa, plastiki imebaki uchi. Haipauki, inakatika. Masikio yatakatika."

Mafundi wa feni waliacha uji. Ndahani hakupandisha sauti. Alimtazama kama alivyokitazama kipande jana, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Umejua lini?"

Mtu akishatoa jino zima angedhaniwa atautoa na mzizi. Lakini Yaredi aliona wajumbe, vigelegele, kikombe cha chai, usiku wote alioulalia ubavu mmoja, akaona kwamba ukweli una sehemu ambayo inaweza kubaki nyumbani bila kumdhuru mtu.

"Asubuhi hii," akasema. "Nimetoka maabara sasa hivi, nimekimbia moja kwa moja. Jasho hili unaliona."

Ndahani akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayeanza kuamini. Kidole chake kilikuwa bado kimebana kitufe cha redio. Alipokumbuka kukiachia, sauti ya Sechelela ilikuwa tayari inasubiri upande wa pili, upepo ukiipiga.

"Mhandisi, mimi niko kwenye ukingo wa pete ya pili, sijavuka. Sikio la kwanza la chungwa nimelijaribu kwa vidole. Ninalo hapa mkononi. Halikunisumbua hata kidogo."

Ndahani akainua uso kutazama juu.

"Na shemeji yangu muulize vizuri. Jana saa tisa nilikuwa hapa hapa nafunga kamba za mwanzo. Nikaona maabara, nikasema ngoja nimchungulie mume wa akiba anafanya nini. Nikamwona kwenye darubini anavunja kitu juu ya ubao. Akagusa vyote. Akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kipande kingine, akakiweka, akafunika." Upepo ukala maneno kadhaa. "Sikujua ni nini. Nikajua tu kwamba atakuja kuniambia. Akaja kweli. Nikamwekea chai, nikaongeza, nikaongeza tena. Leo nimepanda mpaka hapa nione kama atanifuata."

Ndahani akanyoosha kiganja. Yaredi akatia mkono mfukoni, akatoa vipande, akaviweka pale. Katika nuru ile havikuwa na rangi tena, kwa sababu kila kitu kilikuwa rangi yao.

"Amekupa?" redio ikauliza.

"Amenipa viwili," akasema Ndahani.

"Alivunja mara mbili. Viwe vitatu."

Yaredi alimtazama yule mtu mdogo mweusi kwenye weupe, mita mia mbili juu yake, miguu yake kwenye plastiki nzima, na akajua kwamba huko aliko anamwona vizuri sana. Akarudisha mkono mfukoni. Kipande cha tatu kilikuwa ile nusu ya chini ya bati, iliyokunjika bila kuvunjika, na juu yake palikuwa na maandishi ya penseli, mwandiko wake mwenyewe. Ni desturi ya maabara: ukikuta kasoro unaandika hapo hapo. Mkono ulikuwa umeandika jana kabla mwenyewe hajaanza kuogopa.

Mhandisi Ndahani akakisogeza karibu na macho, akaisoma tarehe kwa sauti, kisha akasoma saa.